Chotara, Mseto au Mahuluti? Funzo la Maua ya Mwituni kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Neno "chotara" lina makao matatu katika lugha yetu, na katika kila makao huvaa sura tofauti. Likitajwa katika duka la pembejeo, hasa kwa jirani zetu wa Tanzania, huwa ni sifa: mbegu chotara, kuku chotara, ng'ombe chotara, na mkulima yu tayari kuongeza fedha ili avipate. Likitajwa kumhusu mwanadamu, huwa ni tusi au jambo lililo karibu sana na tusi. Likitajwa kuhusu lugha, huwa ni shutuma ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeirithi na tungali tunajibizana nayo hadi leo: ati Kiswahili ni lugha chotara, isiyo na kwao.

Yawezekanaje neno moja libebe hukumu zinazopingana kiasi hicho? Maoni yangu ni kwamba tumeazima dhana ya elimu ya viumbe bila kuiuliza elimu hiyo inasema nini. Makala hii inakusudia kuuliza. Mashahidi wangu ni maua ya mwituni ya jamii ya alizeti, ambayo wataalamu wa mimea huiita Asteraceae, kwani ndani ya jamii hiyo kuchanganyika kwa spishi kumetokea waziwazi, tena mara nyingi bila mkono wa mwanadamu.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya ninakotoka. Kutulo ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Elwak, mahali ambapo kaunti za Wajir na Mandera hupakana. Kwetu mtoto husikia Kisomali, Kigarre na Kiborana kabla ya kukutana na Kiswahili darasani. Akitamka sentensi yenye maneno ya lugha mbili huambiwa kwamba ameichafua lugha. Akibahatika kufika chuo kikuu, lafudhi yake huwa kichekesho cha bweni zima. Wengi wa wenzangu waliacha kukisema Kiswahili hadharani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mjadala wa usafi na uchafu wa kilichochanganyika kwetu una gharama. Si mchezo wa maneno.

Jamii ya alizeti na namna inavyochanganyika

Jamii ya Asteraceae ni miongoni mwa jamii kubwa kabisa za mimea itoayo maua, ikiwa na spishi zaidi ya 20,000. Wengi wetu tunaijua bila kujua kwamba tunaijua. Alizeti na pareto zimo humo. Mchunga, ile mboga chungu ya pwani, umo. Na kishona nguo, ambacho mbegu zake hunasa katika suruali ya mpita njia, nacho kimo. Katika nyanda kame za Afrika Mashariki mna mimea ya jenasi ya Kleinia, yenye mashina manene ya kuhifadhi maji. Kinachoiunganisha jamii hii ni kwamba kile tukionacho kuwa ua moja kwa hakika ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyoketi juu ya kitako kimoja. Nyuki anayetua juu ya alizeti moja huwa ametembelea mji mzima.

Kwa kawaida spishi mbili hazizai pamoja. Huenda zikachanua katika misimu tofauti, au zikakaa mahali mbalimbali, au chavua ya moja ikakataliwa na ua la nyingine. Hata vizuizi hivyo vinapovukwa, mtoto anayezaliwa aghalabu huwa kama baghala: ana nguvu za kufanya kazi, lakini hana uzao. Sababu yake yaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Chembe za uzazi hutengenezwa kwa kromosomu kupangwa jozi jozi. Kromosomu za wazazi zikiwa hazilingani, za mtoto hukosa wenziwe wa kupatana nao, na mbegu haziungani.

Hata hivyo, vizuizi hivyo vina milango. Tuanze na mlango ulio karibu nasi, Mlima Kenya. Juu ya mlima huo, katika eneo la baridi lililo juu ya misitu, huota senesio wakubwa wa jenasi ya Dendrosenecio, ambayo haipatikani popote duniani ila katika milima mirefu ya Afrika Mashariki na Kati. Spishi moja, Dendrosenecio keniodendron, ni mti wa mita kadhaa ambao hujifunika shina kwa majani yake makavu kama mzee aliyejitanda blanketi. Nyingine, Dendrosenecio keniensis, hukaa chini mfano wa kabichi kubwa, na hupenda ardhi yenye majimaji. Kila moja ina makao yake, lakini pale makao hayo yanapopakana huonekana mimea ya kati, isiyo mti kamili wala kabichi kamili. Hao ni watoto wa spishi hizo mbili. Senesio hawa wote wana idadi moja ya kromosomu, 100, na kwa hiyo ile hesabu ya baghala haiwabani.

Nasaba ya upande mmoja

Historia ya uchunguzi wa senesio hawa ina funzo ambalo mtu wa kwetu atalielewa haraka. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha utafiti uliofuatilia nasaba ya senesio kwa kutumia jeni za kloroplasti, yaani zile chembe za kijani zilizomo ndani ya majani. Waliona kwamba spishi za mlima mmoja mara nyingi zina udugu wa karibu kuliko zile zinazofanana kwa umbo lakini zinazokaa milima tofauti. Ni utafiti mzito, nao ungali unategemewa. Lakini katika mimea mingi itoayo maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama peke yake. Mwaka 2020, Felly Mugizi Tusiime wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia alama za kinasaba zilizotapakaa sehemu nyingi za jenomu. Humo walionyesha kwamba senesio wa milima mbalimbali wamebadilishana jeni, na kwamba mipaka iliyodhaniwa kuwa ya kina kirefu ni ya kina kifupi.

Katika jamii za Kisomali mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kuhesabu babu zake mmoja baada ya mwingine hadi vizazi vingi nyuma. Ni hazina ya kumbukumbu ambayo siibezi. Lakini abtirsi huhesabu upande wa baba peke yake, kama kloroplasti inavyohesabu upande wa mama. Orodha ya aina hiyo husema kweli kuhusu mstari mmoja. Haina uwezo wa kusema kwamba mstari huo ndio mtu mzima. Vivyo hivyo, anayehesabu maneno ya Kiarabu yaliyomo katika Kiswahili, kisha akatangaza asili ya lugha nzima, amesoma orodha ya mzazi mmoja na kuiita cheti cha kuzaliwa.

Mahuluti hupata makao pasipo na mwenyewe

Ushahidi mkubwa wa pili unatoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 18, mmea wenye maua ya manjano kutoka kisiwa cha Sisilia, Senecio squalidus, ulipandwa katika bustani ya mimea ya Oxford, Uingereza. Mmea huo wenyewe ulitokana na kuchanganyika kwa spishi mbili za mlima Etna. Baadaye ukaruka ukuta wa bustani. Reli ilipofika Oxford mwaka 1844, kokoto za njia ya treni zikawa kwake kama mawe ya volkano ya kwao, na mbegu zake nyepesi zikasafiri na treni hadi miji ya mbali. Njiani ukakutana na ndugu yake mwenyeji, Senecio vulgaris.

Mgeni alikuwa na kromosomu 20, mwenyeji 40. Mtoto wao alipata 30, na akawa tasa kama baghala. Lakini ikatokea kwamba hesabu hiyo ilirudufiwa ndani ya mmea, ikawa 60. Sasa kila kromosomu ilikuwa na mwenziwe, na mbegu zikashika. Mwaka 1948 mmea huo ulionekana Wales, nao ukaitwa Senecio cambrensis. Ulikuwa spishi mpya ambayo haikuwapo duniani karne mbili kabla ya hapo.

Huko Marekani Kaskazini, alizeti mwitu wa aina mbili, Helianthus annuus na Helianthus petiolaris, wamezaa spishi tatu zinazojitegemea. Moja hukaa katika vilima vya mchanga, ya pili katika jangwa kavu, ya tatu katika mabwawa ya chumvi. Tazama makao hayo. Ni mahali ambapo wazazi wote wawili hawastahimili. Loren Rieseberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliwachanganya upya wazazi hao, wakapata watoto wenye sifa zilizopita za baba na za mama. Mtu aliyelelewa katika ardhi kame hawezi kuisoma habari hiyo bila kuinua kichwa: uwezo wa kuishi katika ukame ulipatikana kwa kuchanganyika.

Hata hivyo, haifai kuukumbatia mchanganyiko kwa pupa. Kwa kila mahuluti iliyopata kuwa spishi, zimekufa nyingi zisizohesabika bila kuacha mbegu. Na hizo chache zilizofaulu hazikufaulu kwa kuchanganyika tu. Zilifaulu kwa sababu palikuwa na mahali ambapo wazazi hawakuweza kukaa, zikapamiliki. Mahuluti isiyo na makao yake humezwa na mzazi mmojawapo au hutoweka.

Kurudi katika lugha na fasihi

Tukishika mambo hayo mawili, nasaba na makao, shutuma ya kwamba Kiswahili ni chotara huporomoka kwa pande zote mbili.

Kwanza, huporomoka kwa upande wa ukweli wa lugha. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala waliishughulikia asili ya Kiswahili katika Historia ya Kiswahili mwaka 1977, na Derek Nurse na Thomas Spear wakairejelea mwaka 1985. Kisarufi, Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro katika tawi la Kibantu liitwalo Sabaki. Ngeli zake, viambishi vyake na mnyumbuliko wa vitenzi vyake ni vya ukoo huo. Maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza yaliingia katika mwili uliokwisha kuwa na mifupa. Katika maua, jambo lililo karibu na hilo ni spishi kupokea jeni chache za jirani, ikazitumia, na ikabaki spishi ileile. Wataalamu wa mimea hawaiiti spishi hiyo mahuluti. Sioni sababu ya sisi kuwa wakali kuliko wao.

Jirani zetu wa Mto Tana wanatupa mfano bora zaidi. Kielwana, kinachosemwa kando ya mto huo katika sehemu za Bura na Garissa, kimeishi kwa muda mrefu ubavuni mwa Kiorma. Nurse, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi athari ya Kiorma ilivyopenya hadi katika muundo wa lugha hiyo. Kielwana kilipokea mengi kuliko Kiswahili, na bado kinatambulika kuwa cha Sabaki. Anayetaka kujua lugha hustahimili mchanganyiko kiasi gani hana haja ya kwenda mbali.

Pili, shutuma hiyo huporomoka kwa upande wa thamani. Hata kama Kiswahili kingekuwa mahuluti halisi, aibu ingetoka wapi? Senecio cambrensis haiombi radhi kwa mtu. Tunapokimbilia kujitetea kwa kusema "sisi si chotara, sisi ni Wabantu safi", tunakuwa tumekubali msingi wa mshutumu, kwamba kuchanganyika ni doa. Jibu sahihi lina sehemu mbili: si kweli, na hata ingekuwa kweli isingekuwa kosa. Wengi wetu hutoa sehemu ya kwanza tukaisahau ya pili.

Katika fasihi, suala la makao ndilo lenye faida zaidi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, ushairi wake usiofungwa na vina na mizani ulizua ubishi mrefu baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Swali lililotawala lilikuwa la nasaba: je, huu ni ushairi wetu au wa Wazungu? Nusu karne imepita, na naona kwamba swali la makao lingetufaa zaidi. Je, ushairi huru umepata mahali pa kusema ambapo utenzi na shairi la tarbia havikupafikia? Pale ulipopapata, umeota mizizi. Pale ulipokuwa uvivu wa kutafuta vina tu, umekauka. Kipimo hichohicho tukitumie kwa riwaya, kwa tamthilia zinazochota katika ngano, na hata kwa nyimbo za vijana. Asili ya mbegu ni habari ya kuvutia, lakini haitoshi kuwa uhakiki.

Na yule mtoto wa Kutulo anayechanganya Kisomali na Kiswahili katika sentensi moja? Hajazaa lugha mpya, wala hajaua ya zamani. Amesimama mpakani, kama ile mimea ya kati ya Mlima Kenya. Mwalimu ana wajibu wa kumfundisha Kiswahili sanifu, kwa maana mtihani na ajira vinakidai. Lakini kumfundisha hakuhitaji kumtia aibu. Mtoto aliyeaibishwa hujifunza jambo moja kwa ukamilifu: kunyamaza.

Tuchague istilahi gani?

Limebaki suala la neno lenyewe. Tunayo manne yanayogombea. "Suriama" na "chotara" yamebeba historia ya dhuluma dhidi ya watu, na kuyasafisha ni kazi ngumu. "Mseto" ni neno zuri, na wanahabari walilitumia kwa serikali ya muungano iliyoundwa nchini Kenya mwaka 2008. Lakini katika mseto wa jikoni, mchele na choroko huonekana kila kimoja kwa rangi yake. Havijazaa kitu cha tatu. Kwa hiyo mseto wafaa kwa mimea miwili inayopandwa shamba moja, na haufai kwa mtoto wa spishi mbili.

Napendekeza "mahuluti". Limo katika kamusi zetu, maana yake ya mchanganyiko iko wazi, na halijazoeleka kuwa kiboko cha kumchapia mtu. Tuseme mimea mahuluti, mbegu mahuluti, spishi mahuluti. Mahindi ya H611 yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, ambayo mzazi mmoja alikuwa wa Kitale na mwingine wa Ekuado, yalizoeleka Kenya kwa jina la haibridi. Nayo yangeweza kuitwa mahuluti bila hasara. Yupo atakayesema kwamba kubadili jina hakubadili kitu, na kwamba wauza mbegu wamekwisha kuzoea neno lao. Namjibu kwamba wauza mbegu waendelee nalo wakipenda. Sisi tunaoandika vitabu vya kiada na kuhariri insha za wanafunzi tunaweza kuamua leo kwamba neno ambalo mtoto hutukaniwa uwanjani lisiwe ndilo analofundishiwa darasani.

Kazi ya pili ni kubwa zaidi, na naiweka mbele ya chama chetu. Mvua za gu na deyr zinapoinyeshea ardhi yetu, hutoka maua ambayo wazee wa Kutulo wanayajua kwa majina ya Kisomali, Kigarre na Kiborana. Wanajua lipi ngamia hulipenda na lipi hulikwepa. Wafugaji ndio wa kwanza kutambua mmea mgeni ukifuata barabara na magunia ya nafaka, kama gugu karoti, ambalo nalo ni wa jamii hii ya Asteraceae. Kiswahili hakina majina kwa sehemu kubwa ya mimea hiyo. Wanachama wanaotoka Garissa, Wajir na Mandera tukirudi nyumbani likizo, tuyaandike majina hayo pamoja na maelezo ya wazee, kisha tuyalete hapa yajadiliwe. Mengine yataingia Kiswahili yakibadilika matamshi, kama maneno mengi yalivyoingia kabla yake.

Haraka ninayoisisitiza ina sababu. Mji wa York, Uingereza, ulikuwa na mahuluti yake, Senecio eboracensis, iliyogunduliwa mwaka 1979 na kutangazwa rasmi kuwa spishi mwaka 2003. Ilikuwa mmea mdogo wa kando ya reli ambao mpita njia angeuona kuwa gugu. Ikatoweka kabisa porini. Lakini kulikuwa na watu walioijua, walioipa jina na kuhifadhi mbegu zake, na mwaka 2023 mbegu hizo zilipandwa tena mjini York zikaota. Majina ya maua ya kwetu bado yamo vinywani mwa wazee, na hayajawekwa katika ghala lolote la mbegu. Likizo ijayo ndiyo nafasi yetu ya kuanza.